Urefu wa Soud

Sur, 11 Juni 2025

Ami Nasr,

Shikamoo. Natumai sikukuu imekupitia kwa kheri huko Nizwa na kwamba hukugombana na watu zaidi ya watatu. Barua hii anakuletea mzee Adham, dereva wa lori la vyungu vya Bahla, kwa kuwa wewe ndiye mtu wa mwisho Oman nzima asiyesoma ujumbe wa simu. Silalamiki. Kiswahili changu chote cha kuandika nimekipata kwenye barua zako, tangu nina miaka saba na wewe ukinirudishia zangu zimejaa wino mwekundu.

Nina habari njema. Mama amestaafu. Miaka thelathini na moja ya wodi ya wazazi imekwisha. Wamempa keki na saa ya ukutani. Nilimwambia safari hii ni zawadi yangu, na nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mteja kabla sijafungua ramani: ni kitu gani kimoja ambacho ukirudi bila ya kukiona utaona kama hukwenda? Wengine hujibu duka, wengine mnara. Kazi yangu ni kuishona safari juu ya jibu hilo, kama fundi anavyoshona kanzu kwa mwili wa mtu mmoja. Mama hakufikiri hata kidogo. Alisema: "Monako. Pale baba yako alipokuwa akisimama akiniandikia."

Kumbe anazo postikadi zake zote, kumi na moja, kwenye kopo la biskuti. Bandari, bustani, meli nyeupe kama meno. Ami, mimi simkumbuki baba. Nilikuwa na mwaka mmoja moyo wake uliposimama ndani ya meli aliyofanyia kazi huko. Ninachokijua ni kwamba wewe ulimpokea uwanja wa ndege wa Seeb, ukamleta Ibra, ukamzika. Nataka mama aone gati aliyofungia meli yake. Nina mwenzangu anayeishi huko, Ghadeer, huwapangia wageni wa Kiarabu kila kitu, na ana subira ya kuuliza watu.

Kwa hiyo naomba mawili: jina la meli ambayo ndani yake alikuwa fundi wa mashine, na karatasi zozote za kampuni ulizonazo. Tunakwenda tarehe 12 hadi 19 Oktoba.

Mwanao,
Tahani


Nizwa, 17 Juni 2025

Tahani,

Marahaba. Nimegombana na wawili tu. Wa tatu alikimbia.

Monako. Nimelisoma jina hilo mara mbili nikavua miwani. Binti yangu, hiyo si nchi, ni kasha la kuhifadhia mali lililotiwa bendera. Ukuta wa Bahla ungeizunguka yote na usiombe tofali. Sheria yao yenyewe inawakataza raia wao kucheza kamari kwenye kasino yao, maana yake wanajua vizuri ni sumu gani wanayowauzia wageni. Wakaazi wake ni watu waliokimbia kodi za makwao, wanaokaa kwenye vyumba vyenye madirisha ya kutazama meli za watu wengine waliokimbia kodi za makwao. Na wewe unataka kumchukua mama yako, mwanamke aliyewapokea duniani nusu ya vijana wa Ibra kwa mikono yake, ukamsimamishe pale kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Hiyo kazi yako nimeisifu mbele ya watu, lakini sasa nakwambia wazi: kumshonea mtu safari kwa kipimo cha tamaa yake si ufundi. Fundi mwenye heshima humwambia mteja, nguo hii haikufai. Mpeleke Madina. Mpeleke Unguja akaione skuli aliyosoma kabla haijaanguka. Mpeleke hata Salala wakati wa mvua. Huko kote atakuta watu.

Jina la meli silikumbuki. Karatasi zilikwenda na maji mwaka ule mafuriko ya wadi, lile bonde la mto, yaliposhuka yakaingia nyumbani kwangu.

Na jambo moja zaidi, nalo ndilo kubwa. Mume wake yuko Ibra, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwake. Atamtafutia nini kwenye bandari ya matajiri?

Ami yako,
Nasr


Sur, 25 Juni 2025

Ami,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako na nimekutilia wino mwekundu mahali pamoja tu: umeniambia nchi ile ni mbaya, hukuniambia kwa nini mama asiende. Hayo ni mambo mawili. Wewe ndiye uliyenifundisha kuyatenga.

Tena tusemeshane ukweli kuhusu hilo kaburi. Nilipokuwa skuli uliandika makala ndefu gazetini kwamba wanawake hawana kazi makaburini. Mama aliisoma yote, akafungia papa mkavu gazeti lako, na Jumatano akitoka soko la wanawake akapita makaburini kama kawaida yake. Tangu atoke eda hajakosa zaidi ya Jumatano ishirini. Hukutaka aende pale kwa baba. Leo pale pale ndipo unapotaka akae asitoke. Chagua moja, Ami.

Jina la meli nimelipata. Postikadi ya tatu, pembeni kabisa, kwa herufi ndogo: Tamima. Nimeshampa Ghadeer. Amesema ofisi za bandari kule hutunza madaftari ya mabaharia hata ya zamani, na atakwenda mwenyewe kuuliza.

Ratiba inapendeza. Hoteli ndogo karibu na bandari, si ya kifahari, lakini chumba kina roshani. Mama ataamka, atakunywa kahawa yake na tende zake alizotoka nazo, na ataiona bahari ile ile ya postikadi. Siku ya pili gati. Siku ya tatu bustani ya miti ya miiba. Magoti yake nimeyafikiria: hakuna siku yenye mwendo wa zaidi ya nusu saa. Anajifanya hajali, lakini amejishonea mabuibui mawili mapya na amemuuliza jirani kama Wazungu wanajua kupika wali.

Tahani


Nizwa, 3 Julai 2025

Tahani mwanangu,

Nakubali kwamba nilipandisha sauti. Umri huu mtu hupandisha sauti hata kwa mlango.

Sikatai tena safari. Kama moyo wake umeshikilia, nendeni. Lakini msiende Oktoba. Oktoba bado ni msimu, kila kitu kimejaa, wahudumu wamechoka na wana majibu mafupi. Nendeni katikati ya Novemba. Bahari imetulia, njia tupu, mama yako atatembea kwa nafasi. Mimi mwenyewe nitampigia kuzungumza naye ikiwa ameshaizoea tarehe. Ninachokuomba ni wiki nne tu.

Tena hiyo nchi ni ngazi tupu. Imejengwa kama kabati, rafu juu ya rafu. Kutoka bandarini kwenda kule juu penye misonobari kuna lifti iliyochimbwa ndani ya mwamba, inanuka chuma na chumvi na mkojo, na inakuachia nusu ya njia. Nusu iliyobaki ni ngazi za mawe zisizokuwa na pa kushikia. Mwenye magoti kama ya mama yako hapandi kule. Mbakize chini, bandarini, atazame meli anywe kahawa, basi.

Na huyo Ghadeer mwambie asijichoshe na madaftari. Baharia mmoja wa miaka thelathini iliyopita, nani atamkumbuka? Mtamtia mama yako hamu ya kitu kisichokuwapo.

Novemba. Nijibu upesi, nimpe Adham zawadi ya kukimbiza lori.

Ami yako,
Nasr


Sur, 13 Julai 2025

Ami,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya nne niliisoma kwa pua tu.

Umesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, kwa hiyo sikushangaa kusikia habari za lifti ndani ya mwamba. Ngazi pia, sawa. Lakini harufu, Ami. Harufu hiyo ya chuma na mkojo umeisoma kitabu gani? Nilimuuliza Ghadeer. Alicheka, akasema ni kweli, na kwamba hakuna kitabu cha wageni kitakachokwambia.

Umekuwa ukisema maisha yako yote kwamba hujavuka bahari ile. Basi nikamuuliza mama, kwa njia ya mzunguko, siku zile za msiba zilikuwaje. Alisema ulitoweka siku tisa. Ulikuwa Maskati, unafuatilia karatasi za mwili, hukupiga simu hata mara moja. Kisha ukarudi Ibra alfajiri na rafiki yako, marehemu Khalaf, mkasema mwili haukuwa wa kusubiri, mmeshazika.

Nadhani nimekufahamu. Hukuwa Maskati. Ulikwenda mwenyewe kumchukua kaka yako, ukarudi naye ndani ya ndege ile ile, na hukutaka watu wajue uliyoyaona. Kama ndivyo, Ami, kwa nini ulifiche jambo la kheri kama hilo? Ungemwambia mama kwamba baba hakusafiri peke yake, ungempa kitu ambacho mimi na ofisi yangu hatuwezi kumpangia.

Niambie tu ndiyo, na nitakuomba radhi kwa kila neno la ukali. Na kuhusu tarehe: tiketi zimekwishakatwa, viza imeandikiwa Oktoba. Bado hujaniambia Novemba ina nini.

Tahani


Nizwa, 20 Julai 2025

Tahani,

Usimuulize mama yako neno lolote tena juu ya siku zile. Mwambie huyo mwanamke wa Monako aache. Nakuamuru kama ami yako, na sijawahi kukuamuru jambo tangu uzaliwe.

Nasr


Sur, 6 Agosti 2025

Ami Nasr,

Ghadeer hakuacha, kwa sababu sikumwambia. Barua yako ilinifikia siku moja baada ya picha zake.

Nakuandikia alichokikuta, ili usije ukasema nimefahamu vibaya. Daftari la bandari la mwaka 1995 lina ukurasa wa Tamima. Kwenye mstari wa Soud, fundi wa mashine, Mwomani, wameandika: amefariki 21 Oktoba, amezikwa hapa. Na namba. Ghadeer akapanda ile lifti yako, akapanda na ngazi, akafika penye misonobari. Ni makaburi, Ami. Yamepangwa mlimani kama rafu, umesema kweli. Kona ya juu ni ya wageni. Kuna kibao cha chuma kimeshika kutu, jina la baba, mwaka, na karatasi ya manjano imebandikwa juu yake.

Nchi yao haina nafasi, hata maiti hupewa muda. Miaka thelathini. Karatasi inasema muda wa kaburi hili unakwisha tarehe 30 Oktoba, na kama hakuna mtu wa ukoo aliyefika kutia saini, litafunguliwa na mifupa itachanganywa na mingine kwenye chumba kimoja. Inasema pia kwamba barua ya kumjulisha mwenye kaburi ilipelekwa Januari, kwa aliyetia saini mwaka ule. Ghadeer ameipiga picha saini hiyo. Nimeiona kwa wino mwekundu maisha yangu yote.

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwamo ndani ya Novemba. Mama angefika wiki mbili baada ya baba kutolewa, akanywa kahawa bandarini akitazama meli, na wewe ungekaa Nizwa umepumua.

Sikuulizi kwa nini. Bado siwezi kukusikiliza. Nakuuliza lingine: Ibra kuna nani? Mama anamsalimia nani kila Jumatano? Bibi, mama yenu, aliomba azikwe ubavuni mwa mwanawe. Kalala na nani?

Mama hajui kitu. Leo asubuhi kanionyesha soksi alizonunua za kuvaa kwenye ndege. Mimi sitamwambia, kwa sababu si langu. Utamwandikia wewe, kwa mkono wako, na barua ipite kwa Adham imefungwa. Kama haijafika Ibra ifikapo tarehe 20, nitaweka picha hizi mezani mbele yake na kuondoka chumbani.

Tahani


Nizwa, 16 Agosti 2025

Kwa Mabruka, mke wa kaka yangu,

Hii ni rasimu ya kumi na mbili. Zile nyingine zilikuwa zikianza na hoja. Nimezichana. Jambo lenyewe ni hili: Soud hayuko Ibra. Hajawahi kuwako. Yuko Monako, mlimani, na mimi nimekudanganya kwa miaka thelathini kasoro miezi miwili.

Kampuni ilipopiga simu nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba na niliamini hakuna mlango usiofunguka kwa mtu anayejua kusema. Nilikwenda kimya kwa sababu nilitaka kurudi naye, niwe mimi niliyemleta. Nilipofika alikuwa ardhini siku ya nne. Walikuwa wamemzika upesi, sijui kwa wema au kwa kuondoa usumbufu. Mpishi mmoja wa Kimoroko wa meli ya jirani alimwosha, akamsalia na wenzake wawili. Nilimwona mtu huyo, nikambusu mikono. Hilo ni kweli, na ndilo jambo pekee safi nililonalo la kukupa.

Nikaomba wamtoe. Wakasema miezi, labda mwaka, na barua za daktari na za serikali mbili. Nilibishana siku tano, kwa lugha tatu. Wakanisikiliza kwa adabu. Mwisho wakanipa karatasi nitie saini ya kaburi, nikatia.

Nilirudi Seeb na mkoba wake wa nguo. Khalaf akanipokea. Tulifika Ibra kabla ya jua, na njiani nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuwaambia. Lakini mama alikuwa macho. Unamkumbuka alivyokuwa wiki zile, ngozi na pumzi. Akaniuliza, "Umenletea mwanangu?" Nikasema, "Nimemleta, mama." Akalala. Ilikuwa mara ya kwanza kulala tangu simu ile. Nikatoka, nikamwambia Khalaf, twende makaburini.

Sisi huku hatuandiki majina. Mawe mawili kwa mwanamume, kichwani na miguuni, na mchanga. Tulichimba kidogo tu, udongo uonekane mpya, tukasimamisha mawe. Khalaf alilia, mimi sikulia, nilikuwa nikitazama kama yamesimama sawa. Wewe ulikuwa ndani, katika eda, na mwanamke wa eda hana pa kwenda kuhakikisha. Nililijua hilo. Sikulitaja hata moyoni, lakini nililitumia. Siku arubaini baadaye mama akafa, na akaomba awekwe karibu naye. Nikamweka ubavuni mwa ardhi tupu, mbele ya wanaume wote wa ukoo, na nikasoma dua kwa sauti.

Baada ya hapo uongo haukuwa wangu tena, ulikuwa na watu wanaoutegemea. Ulipotoka eda uliniomba nikuonyeshe alipo, nikakuonyesha kwa kidole, nimesimama nyuma yako. Makala ile ya wanawake na makaburi niliiandika kwa sababu sikuweza kuvumilia kusikia umekwenda tena. Nimepigana na mawaziri, maimamu na wahariri kwa uongo waliousema hadharani. Watu husema Nasr hana woga.

Barua yao ilikuja Januari. Niliitia ndani ya kamusi. Nilikuwa nasubiri tarehe ipite. Ikipita, hakutabaki Soud mahali popote duniani isipokuwa pale nilipomweka mimi kwa mdomo, na uongo wangu ungekuwa ndio kaburi lake la pekee. Ndiyo maana nilimwambia Tahani Novemba. Mtoto yule hakujua lolote, usimkasirikie.

Siombi kitu. Sina neno la kuombea.

Nasr


Ibra, 28 Agosti 2025

Shemeji Nasr,

Barua yako ilifika Jumatatu ya tarehe 18. Jumatano nilikwenda sokoni kama kawaida, nikanunua nyuzi na ndimu, kisha nikapita makaburini. Nimekaa pale mpaka adhana ya adhuhuri. Watu wa soko walidhani jua limenipiga, wakaniletea maji.

Mimi si mtu wa kuandika, ninyi wawili ndio wenye barua. Nitasema nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kutazama miili.

Mawe yale yako karibu mno. Niliona siku ya kwanza uliponionyesha kwa kidole. Soud alikuwa akiinama kila mlango wa nyumba hii, na kitandani miguu yake ilining'inia. Niliwahi kumwekea kigoda cha kuwekea visigino. Nilisimama pale nikapima kwa jicho, nikaona hapa hatoshi mtu kama Soud. Nilijiambia labda walimkunja kwa haraka, na wazo hilo likanikaa rohoni miaka yote hii, kwamba mume wangu amelala amejikunja. Nilikuwa nikimwagia maji upande wa miguuni nikisema, jinyooshe. Sikukuuliza, kwa sababu ulikuwa umeshughulika sana kwa ajili yetu na niliona aibu kukusahihisha.

Kwa hiyo hukunidanganya kuhusu mahali tu. Uliniachia na hilo la kumfikiria amekunjwa. Nataka ulijue hilo, maana katika barua yako halimo.

Bibi tumwache alipo. Ardhi ni ya Mungu na yeye alilala kwa amani, hilo nakuhesabia.

Tahani alikuja Alhamisi. Tulikwenda wawili, tukayang'oa mawe. Yalitoka kwa urahisi, kama meno ya mtoto. Yako nyuma ya mlango wa jiko, nimeyaosha. Ghadeer amesema kule wanaruhusu mawe madogo juu ya kaburi mradi yasizidi kibao. Tahani atatia saini, yeye ni damu yake.

Safari iko pale pale, tarehe 12. Ratiba Tahani ameikata upya: siku ya kwanza mlimani, gati baadaye. Hizo ngazi nitapanda. Nimesimama kwenye wodi saa kumi na mbili kwa siku, sitashindwa na ngazi za matajiri.

Na wewe utakuja. Fomu ya viza imo ndani ya bahasha hii, ijaze leo. Mawe uliyoyasimamisha wewe, utayabeba wewe, kwenye sanduku lako, na ili yaenee vitabu vyako vyote utaviacha Nizwa. Ukifika utayasimamisha tena mbele yangu, kwa urefu wake. Unaujua.

Kusamehe sijui bado. Sitaki kukujibu hilo kwa karatasi. Nitakujibu tukiwa juu.

Mabruka


Nizwa, 1 Septemba 2025

Mabruka,

Fomu nimeijaza, Adham anayo.

Katika nguo za Soud mlizogawa baada ya eda ulinipa kanzu yake nyeupe, ya tarizi. Sikuivaa hata siku moja. Ilinipita miguu kwa kiganja kizima na nilisema nitaikata, sikuikata. Leo nimeitandaza sakafuni. Nimepima kutoka kolani hadi pindo, nikaongeza shingo na kichwa, kwa kichwa changu mwenyewe, kwa kuwa mama alikuwa akisema vichwa vyetu ni kimoja. Nimekata kamba ya urefu huo. Nimeinyoosha mara tatu, nikasimama pembeni yake.

Pale makaburini tulisimamisha mawe kwa hatua mbili fupi za Khalaf. Nimepima na hizo pia. Ni kama nusu yake.

Nitakuja Ibra Alhamisi kuchukua mawe. Nitabisha hodi mlango wa jikoni. Kamba sitaitia sandukuni, itakuwa mfukoni mwangu.

Nasr